Mwewe kundini: kisa cha mchokozi mmoja katika kundi la wafugaji wa kuku

Kisa hiki kilitokea katika kundi la Telegram la wafugaji wadogo wa kuku, wengi wao Watanzania, na Wakenya wachache wa upande wa mpakani. Mimi ni mmoja wa wasimamizi watatu. Jina la kundi, mkoa, majina ya watu na tarakimu zinazoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa au kuvibadilisha. Bi Zawadi, aliyeumizwa kuliko wote, amelisoma andiko hili kabla halijatoka. Alifuta sentensi mbili, nami sikumuuliza kwa nini.

Usuli

Kundi lilianzia WhatsApp, enzi ambazo kundi moja halikuweza kuzidi watu 256. Aliyetaka kuingia alisubiri mwingine atoke, na Mzee, mwanzilishi wetu, alikuwa na daftari la foleni. Tukahamia Telegram, ambako kundi moja hubeba hadi watu 200,000, daftari likafungwa. Ndani ya mwaka tukawa karibu 1,900. Jambo ambalo hatukulifikiria ni kwamba kule tulikotoka namba ya simu ya kila mtu ilikuwa wazi, na mtu ambaye namba yake inaonekana hujizuia kidogo. Telegram unaweza kuificha, ukabaki na jina la kujipachika na picha ya jogoo.

Wasimamizi tulikuwa Mzee, mstaafu mwenye mabanda matatu. Dokta, afisa mifugo aliyekuwa akijibu maswali jioni baada ya kazi bila kulipwa. Na mimi, niliyepewa cheo kwa sababu niko kwenye simu muda wote. Sheria saba zilikuwa zimebandikwa juu kabisa. Ya tatu ilisema "Heshima kwa wote." Sidhani kuna aliyeisoma, na hata angeisoma isingemsaidia, maana kila mtu ana kipimo chake cha heshima.

Chini ya sheria hizo tulikuwa tumebandika tangazo la muuza vifaranga mmoja, aliyelipia nafasi hiyo kwa mwezi. Lishike hilo, tutalirudia.

Alivyoingia

Hadi leo simjui kwa jina wala kwa sura. Sisi watatu tulimwita Mwewe, kwa sababu wafugaji wazoefu hakuwagusa kamwe. Macho yake yalikuwa kwa vifaranga.

Wiki mbili za kwanza alipendwa. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa stika, anamsalimia Mzee "shikamoo" kila asubuhi. Nalitaja hili kwa sababu baadaye watu waliuliza mbona hatukumwona mapema. Hapakuwa na cha kuona.

Bi Zawadi alijiunga mwezi huohuo. Alikuwa na vifaranga ishirini wa chotara kwenye boksi la katoni, gazeti chini, taa imening'inizwa juu kwa waya. Akapiga picha saa mbili usiku, akaandika: "Wakuu habarini. Mimi ni mgeni. Vifaranga wana siku tatu, mbona wamejazana kona moja wanalia?" Swali zuri kabisa. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi. Wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakiikimbia taa joto limezidi, na wakijibanza wote kona moja tafuta upepo unaingilia wapi. Jibu lake ni la sentensi moja.

Kabla halijaandikwa, Mwewe aliandika: "Hao wako kwenye mkesha wa maombi, usiwakatize."

Vicheko vikamiminika. Nilivihesabu baadaye, vilikuwa arobaini na kitu. Kimoja ni changu.

Kuanzia hapo kila Bi Zawadi alipouliza jambo, wa kwanza kufika alikuwa Mwewe. Aliuliza bei ya pumba, akajibiwa kwa stika ya boksi lake mwenyewe, sasa limechorewa mimbari. Watu wawili watatu wakaanza kumwita "Mama Mchungaji". Mara mbili alicheka nao. Mara ya tatu aliandika "sawa" tu.

Uamuzi wa kwanza: kuuchuna

Siku ya nne niliwaandikia wenzangu pembeni. Mzee akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tuuchune, atachoka mwenyewe." Dokta akaafiki, nami pia, kwa kuwa ndio ushauri uliozagaa kila mahali: anatafuta kiki, usimpe. Hoja nyingine, ambayo hakuna aliyeitamka, ni kwamba kukemea mzaha wa boksi kungetufanya tuonekane hatuna utani.

Tukauchuna siku nane.

Vifaranga walipofika siku ya 14, Bi Zawadi aliuliza namna ya kuwapa chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoshambulia vifaranga. Chanjo hiyo huchanganywa kwenye maji ya kunywa. Ilikuwa usiku, Dokta amelala. Mwewe akajibu, safari hii bila stika wala kicheko: "Weka kwanza ile dawa ya kutibu maji, subiri nusu saa, ndipo uchanganye. Chanjo haitaki vijidudu."

Ukisoma haraka, inaingia akilini. Watu wawili waliiwekea dole gumba. Ila chanjo ile ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na klorini iliyomo kwenye dawa ya kutibu maji inaviua. Hata maji ya bomba yenyewe wafugaji makini huyakwepa, au huyatilia maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta ili kuizima klorini kabla ya kuchanganya. Kwa hiyo vifaranga ishirini walikunywa maji safi sana yasiyokuwa na chanjo yoyote, na mwenyewe akalala akijua amewakinga.

Dokta aliuona ujumbe saa moja asubuhi. Akamwandikia Bi Zawadi faraghani anunue kichupa kingine na arudie. Kichupa kidogo kuliko vyote dukani kwao kilikuwa cha kuku 200, yeye ana ishirini, na hela aliyonunulia cha kwanza ilikuwa ya matumizi ya nyumbani. Mwewe alipoona mjadala umeanza, aliandika: "Nilikuwa natania jamani. Nani anafuata ushauri wa Telegram?"

Uamuzi wa pili: kumfukuza mbele ya watu

Huu ni uamuzi wangu, wala siwashirikishi wenzangu lawama. Jioni hiyo saa mbili, muda ambao kundi limejaa, nilibandika maelezo marefu yenye orodha ya makosa yake yote, kisha nikamtoa. Nilikuwa na hasira. Nilitaka pia watu waone kuwa wasimamizi wapo.

Haikupita nusu saa akarudi kwa jina jingine, na picha ya skrini ya maelezo yangu. Alikuwa amesahihisha tahajia zangu kwa wino mwekundu, kama mwalimu wa darasa la nne, na chini ameandika "12/50, onana na mkuu wa shule". Ilichekesha kweli, na hapo ndipo nilipokwama. Akaja na akaunti ya pili, kisha ya tatu. Wanakundi wakagawanyika: wapo waliosema tunabana watu wasiongee, wapo waliodai Mzee anapendelea, wapo waliosema mzaha ni mzaha. Mwingine akataka tumpeleke polisi usiku uleule, "laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, hachomoki." Hadi saa sita usiku zilikuwa zimeandikwa jumbe zaidi ya 600.

Mambo mawili yalitupita katika kelele hizo.

La kwanza, Bi Zawadi aliondoka. Telegram hutunza kumbukumbu ya matukio ya kundi kwa ajili ya wasimamizi kwa saa 48, na nilipoifungua kesho yake nikaona alitoka saa nne kasoro dakika sita usiku. Ukitazama yaliyokuwa yakiandikwa dakika hizo, karibu yote yalikuwa ya kumtetea. Jina lake lilikuwa limetajwa mara nyingi kuliko siku zote alizokaa kundini, na kila aliyemtetea alianza kwa kusimulia upya kisa cha boksi.

La pili linaniuma zaidi. Katikati ya vurugu aliingia mtu nimwite Bwana N., akaunti yake ina siku tatu tu kundini, akaandika kwa herufi kubwa: "WEZI NINYI. VIFARANGA WANGU WAMEISHA. MNAKULA HELA ZETU." Nikajua ni Mwewe huyo. Nikamtoa, nikafuta alichoandika, nikaendelea na vita.

Siku tatu baadaye Mzee alinipigia. Bwana N. alikuwa ametafuta namba yake kwa watu, akamtumia picha: risiti, na vifaranga waliokufa wamepangwa mistari juu ya kiroba. Kati ya 300 walikuwa wamekufa 140. Dokta alikuza picha moja akatuonyesha tumbo la kifaranga: kitovu kibichi, hakijafunga, rangi ya kijani inaanza. Ukiona hivyo kwa wengi, tatizo limeanzia kwenye utotoleshaji, kabla kifaranga hajafika kwa mnunuzi. Alikuwa amewanunua kwa yule muuza vifaranga wa tangazo letu la kulipia.

Uamuzi wa tatu: kufunga milango bila kupiga kelele

Tulizungumza kwa simu dakika arobaini, sote watatu. Dokta ndiye aliyetutoa gizani, kwa swali la kitaaluma: "Ugonjwa ukiingia bandani, unaanza kumtafuta aliyeuleta au unafunga mlango?"

Tulianza na mlango. Kiungo cha kujiunga tukakifuta, tukatoa kipya kinachopeleka ombi kwa msimamizi, na mwombaji anajibu swali moja: una kuku wa aina gani, wangapi, wana umri gani? Mfugaji analijibu swali hilo bila kufikiri. Mchokozi anatunga, na kutunga mambo ya kuku si rahisi kama anavyodhani. Tukawasha hali ya polepole, ile inayomlazimu mtu kusubiri kabla ya kuandika tena. Telegram inatoa hatua kadhaa, kuanzia sekunde chache hadi saa moja, tukaweka dakika tano. Stika na picha za mzaha tukazifunga kwa kila mtu.

Kisha tukakubaliana namna ya kufuta. Tangu siku hiyo, ushauri wa dawa au chanjo ulio na makosa unafutwa papo hapo bila kuuliza nia ya aliyeuandika, na mahali pake anabandika Dokta ushauri sahihi, bila kumtaja mtu. Mwandishi anaelezwa faraghani. Kama alikosea kwa nia njema anashukuru. Kama ni mchokozi, amekosa jukwaa. Akaunti ya kurudi inatolewa kimyakimya, hakuna tangazo, hakuna "tumemwondoa fulani".

Jambo la tatu lilikuwa pendekezo la Mzee, yeye aliyekuwa wa kwanza kusema tuuchune: mtu akidhihakiwa, mmoja wetu amwandikie faraghani ndani ya saa moja, na mwingine ajibu swali lake la awali palepale kundini, kana kwamba dhihaka haikuandikwa. Swali la kuku lijibiwe kama swali la kuku.

Kuhusu polisi tulijadili kwa uzito. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumsababishia msongo wa moyo. Picha za skrini tulikuwa tumezihifadhi. Lakini wa kulalamika ni aliyetendewa. Dokta alipomuuliza, Bi Zawadi alikataa. Mumewe hakujua kuhusu vifaranga, na hakutaka ajue kupitia kituo cha polisi. Tukaishia hapo.

Tangazo la muuza vifaranga tukalibandua siku hiyohiyo, tukamrudishia hela ya siku zilizobaki. Bwana N. nilimpigia mwenyewe kumwomba radhi. Alisikiliza, akasema "nimekuelewa", akakata.

Matokeo

Mwewe alijaribu kurudi kama mara nne katika majuma mawili, kadiri tulivyoweza kutambua. Mara moja alipita: aliandika ana "kuku mia wa aina zote, wa umri mbalimbali", na mimi nilikuwa na usingizi. Alikaa siku mbili, akaona akiandika kitu hakuna anayeshtuka na baada ya dakika kadhaa hakipo, akaondoka mwenyewe. Hatujamsikia tena, ingawa huenda yumo, anauliza bei ya mashudu kama binadamu wengine. Akifanya hivyo anakaribishwa.

Gharama ilikuwepo. Dakika tano za kusubiri ziliua soga za usiku, na wakongwe kadhaa waliotujengea kundi waliondoka wakisema pamekuwa kama ofisini. Baada ya mwezi tulishusha hadi sekunde 30. Wanaoandika ni wachache kuliko zamani.

Vifaranga wa Bi Zawadi walichanjwa upya, wakaishi kumi na nane. Yeye hakurudi kundini. Anaendelea kumwandikia Dokta faraghani. Bwana N. alirudi, anauliza, anajibu wenzake, ila mimi nikiandika kitu hajibu.

Uchambuzi

Nianze na kuuchuna, kwa kuwa ndiko tulikokosea kwa moyo mweupe. Ushauri wa kutomlisha mchokozi ulikulia Usenet, mtandao wa mijadala wa miaka ya 1980 na 1990. (Huko ndiko lilikovuma neno "troli" kwa maana hii, kwetu linatukumbusha kigari cha sokoni, ndiyo maana naona mchokozi abaki mchokozi.) Kule kila msomaji alikuwa na kisu chake. Programu ya kusomea iitwayo rn, aliyoiandika Larry Wall mwaka 1984, ilikuwa na faili ambamo unaandika jina la msumbufu na jumbe zake hazikufikii tena. Mtu akisema tumpuuze, kweli anapuuzwa, maana haonekani. Kundi la simu ni mkondo mmoja, wote tunakunywa humohumo. Hata ukimbloku mtu kwenye Telegram, anachoandika kundini bado unakiona. Kwa hiyo aliyenyamaza ni msimamizi peke yake. Dhihaka imebaki pale juu, watu arobaini wameicheka, na mdhihakiwa anausoma ukimya wetu kama sahihi yetu. Methali ya Mzee ni ya ng'ombe mkubwa aliyekwisha kuzoea njia ya mtoni. Mgeni mwenye vifaranga ishirini na hela ya matumizi mkononi akisikia chura anageuza.

Vile vicheko navyo ni chakula. Tuliamini hatumlishi kwa sababu hatukumjibu kwa maneno, huku kidole kikibonyeza. Mimi nilikuwa msimamizi, na kicheko changu, nikiri, kilikuwa na uzito kuliko cha wengine.

Kufukuza kwenyewe hakukuwa kosa. Aliyetoa ushauri ule wa klorini kwa makusudi hastahili kubaki. Kosa ni saa mbili usiku, maelezo marefu, na orodha. Nilimpa ukumbi uliojaa na hotuba ya kujibu. Ningemtoa saa kumi alfajiri bila neno, kisha asubuhi Dokta akabandika maelezo ya maji ya chanjo, wengi wasingejua kilichotokea, na Bi Zawadi angeamka hana kesi ya kutetewa.

Kuhusu Bwana N., nimejiuliza sana ilikuwaje nikamwona Mwewe ndani yake. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell, Justin Cheng na wenzake, walionyesha kuwa uchokozi si hulka ya kikundi kidogo cha watu waovu tu: mtu wa kawaida akiwa na siku mbaya, na akikuta mjadala umekwisha kuchafuka, uwezekano wa yeye pia kuandika uchafu unapanda sana. Bwana N. alikuwa na vifaranga 140 kwenye kiroba, na alipofungua simu akakuta kundi zima linatukanana. Aliandika kwa lugha aliyoikuta. Nami nilikuwa na siku mbaya vilevile, nikafanya nilichofanya.

Tofauti kati ya hao wawili ilikuwa palepale kwenye maneno, kama ningesoma polepole. Katika wiki zake zote Mwewe hakuwahi kueleza tatizo lake mwenyewe hata moja. Hakuwa na kuku. Bwana N. ndani ya sentensi tatu za matusi alitaja vifaranga, kifo na hela. Siku hizi mtu akiingia na moto, kabla sijagusa kitufe namuuliza faraghani: kimekupata nini? Mwenye kidonda hujibu, tena kwa urefu. Mchokozi huleta mzaha mwingine au hukaa kimya.

Kitu ambacho sijakimaliza ni hili suala la tangazo. Kwa miezi tulikuwa wakali kwa maneno ya watu na wapole kwa anayetulipa, na haikutupitia akilini kwamba mtu anayetuita wezi anaweza kuwa na sababu. Sasa hatubandiki tangazo la vifaranga hadi Dokta afike kwa muuzaji aone mashine na sehemu ya kutotoleshea. Mapato ya matangazo yameshuka karibu yaishe, na vocha za intaneti za wasimamizi tunajinunulia wenyewe. Mzee halalamiki. Anacholalamikia ni stika: anadai kundi bila stika ni msiba, na amekuwa akitusumbua zirudi. Tumekubaliana tuzifungue Jumapili tu, kwa majaribio ya mwezi mmoja, na zamu ya kuangalia Jumapili ya kwanza ni yake.